Mafiga Sita

Nangurukuru, 18 Novemba 2023

Dada Nusaiba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimesimama, maana msomi wa daraja langu akikaa chini watu watadhani ni mtu wa kawaida. Nakutangazia rasmi: tangu masultani wa Kilwa wafunge milango yao, pwani hii haijapata msomaji kama ndugu yako Tawakali. Jana nimesoma kwa sauti mpaka kuku wa jirani wakaacha kuparura. Basi la Mtwara likasimama stendi, dereva akazima injini asikilize. Wapo wanaosema alizima kwa sababu ya pancha. Waache waseme.

Haya, wewe ulisema kila kipande cha kitabu nikilipie kwa barua, ati kwa kuwa niliikimbia shule kidato cha pili na mwandiko wangu utakufa. Barua hii hapa. Simu ingemaliza mambo kwa dakika mbili, lakini mwalimu ni mwalimu, hata usingizini anasahihisha.

Ya nyumbani ni haya. Leo siku ya kumi na sita tangu tumzike Babu Ismael. Bibi Mwanaima na Bibi Sada wamekaa eda wote wawili, nguo nyeupe, hawavuki mlango wa nje mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Unawajua wale. Miaka thelathini na moja ya uke wenza, jiko moja, birika moja, na sijapata kusikia mmoja akimpandishia mwenzake sauti. Mtu akigombana na mke mwenzake hapa Nangurukuru anaambiwa, nenda kwa Mzee Ismael ukaone wenzio. Sasa wamekaa ukumbini wanatazama ukuta. Asubuhi inasomwa Yasini, wanawake wanakuja, wanaondoka, halafu unabaki mchana mrefu kama mkia wa kima. Ndiyo maana nikakuomba kitabu.

Lakini dada, ndiyo kitabu gani hiki? Hakina jalada, hatujui hata kinaitwaje, umekikata vipande vinne kwa wembe na kukishona kwa uzi wa gunia. Nimeitafuta humo maiti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa themanini. Hamna! Mawifi wawili wajane, Zuhura na Bi Koku, wanaishi nyumba moja huko Tanga. Zuhura anaweka kikombe chake rafuni kinatazama juu. Akirudi anakikuta kimefudikizwa. Basi. Kurasa themanini, tukio ni kikombe. Nikasema, hiki kitabu au orodha ya vyombo?

Nilitaka kukitia jikoni. Bibi Mwanaima akanishika mkono.

“Rudia hapo kwenye kikombe.”

“Bibi, nimesharudia mara mbili.”

“Rudia. Kakigeuza nani?”

Na Bibi Sada, huku anachambua mchele: “Msimwulize huyo, na yeye hajui. Mwache asome.”

Basi nikarudia. Na nikiwa katikati, dada, ukumbi umetulia, kitu kikadondoka jikoni, tukaruka wote watatu. Alikuwa paka.

Leta kipande cha pili upesi. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya wazee.

Ndugu yako,
Tawakali, Msomi Mkuu wa Stendi


Mingoyo, 27 Novemba 2023

Mdogo wangu Tawakali,

Marahaba. Nimehesabu makosa kumi na mawili katika barua yako na nimesamehe tisa. Na injini ilizimwa kwa pancha. Fidelis ndiye konda wa basi hilo, ndiye anayekuletea vitabu, na ndiye aliyelifungua tairi.

Unauliza kitabu gani hiki. Nikuulize na mimi: ukimkuta nyoka ndani ya nyumba unafanyaje? Unapiga kelele, mnampiga, mnamtupa, jioni mnakula. Na ukikuta gamba la nyoka uvunguni, nyoka mwenyewe humwoni? Hapo hulali, wiki nzima. Vitabu ulivyozoea, vya bastola na kukimbizana, ni nyoka. Hiki ni gamba.

Wape salamu wazee wangu wote wawili. Mwambie Bibi Sada nimepata ile kanga aliyonipa mkononi siku ya msiba. Nilikuwa nimeisahau ndani ya begi, nimelia nilipoikuta. Yeye hakujaliwa mtoto, lakini sijui ni mjukuu gani kati yetu asiyelala mgongoni kwake.

Nakupa kipande cha pili na sharti moja. Usitie chumvi. Ninakujua, hata adhana wewe ungeiongezea. Soma kilichoandikwa. Mtu aliyefiwa moyo wake ni kama mguu wenye kidonda, hauhitaji jiwe kubwa kuumia.

Dada yako,
Nusaiba


Nangurukuru, 16 Desemba 2023

Dada Nusaiba,

Shikamoo. Chumvi mimi? Mimi ni sukari tupu.

Sikiliza vita niliyoshinda. Baba mdogo Hussen alikuja Jumanne akakuta ukumbi umejaa. Maana si wazee wawili tena. Wanawake wa mtaa wanakuja kila alasiri na majamvi yao, wengine na korosho zao za kubangua, wanane siku ile. Mimi nimekaa kwenye kigoda kama kadhi. Baba mdogo akasimama mlangoni, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata.

“Nyumba ya eda husomwa Kurani, haisomwi upuuzi wa vikombe!”

Nikasema, “Baba mdogo, Kurani imesomwa asubuhi, wewe hukuwepo. Mchana unatakaje, wahesabu mijusi?”

Alitaka kuniwasha kofi. Bibi Mwanaima akasema taratibu, bila kuinua uso, “Hussen mwanangu, umekuja kunitazama mimi au kumtazama mtoto? Kama ni mimi, vua viatu ukae.”

Akavua, akakaa. Ilikuwa sura ile Zuhura anapoanza kuhesabu vijiko na kukuta vimetimia, na kule kutimia ndiko kunamtisha. Nilipofunga kitabu, baba mdogo akasimama, akajipangusa kanzu, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kesho mnaanza saa ngapi?”

Nimekuelewa na gamba lako la nyoka. Nakiri kwa shingo upande. Mtu wa bastola anakuja na bastola yake, na mimi sina bastola, wala simjui mwenye bastola, nikifunga kitabu namwacha mule. Lakini birika ninalo! Kikombe ninacho! Kitabu hiki kinakuingia na vyombo vyako mwenyewe. Siku hizi kila mtu hapa anatazama rafu yake. Mama muuza maandazi kaniambia amemwuliza mumewe kwa nini kafunika sufuria. Mume akajibu, kwa sababu ina mboga. Hakumwamini.

Na mimi nimeanza kuona mambo ambayo siku zote nilikuwa nayatazama tu. Bibi Sada, kwa mfano. Yeye ndiye anayetia chai, unajua. Akishamimina kikombe cha Bibi Mwanaima, anachovya kijiko, analamba, anapiga ulimi “tsa”, ndipo anampa. “Kunywa kabla hakijapoa.” Kila siku. Chake mwenyewe haonji. Nikamtania mbele za watu:

“Mke wangu mdogo, unaonja nini humo?”

“Naonja ujana wako, mume wangu, kama umeshakolea. Bado mbichi!”

Watu walicheka mpaka korosho zikamwagika. Ndiyo raha ya bibi na mjukuu: hakuna neno linalokatazwa. Lakini kile kijiko nimekiweka akiba kichwani.

Leta cha tatu. Bi Koku simwamini hata kidogo.

Tawakali, Mshindi wa Vita vya Ukumbini


Mingoyo, 5 Januari 2024

Tawakali,

Hiki hapa cha tatu. Cha nne nimekishika mpaka nipate barua, na usinitumie Fidelis anibembeleze, nimemfukuza.

Unasema Bi Koku humwamini. Je, amefanya nini? Rudi kitabuni uniandikie ukurasa ambao Bi Koku amefanya kitu chochote kibaya, hata kimoja. Utakuta hakuna. Kuna macho ya Zuhura tu, na wewe umeyavaa kama miwani ya kuazima. Mwandishi huyu ni fundi. Kwa hiyo jiulize, kwa nini anataka umchukie mtu ambaye hajafanya lolote?

Mvua za huku zimezidi. Mkisikia barabara imekatika msishangae.

Nusaiba


Nangurukuru, 4 Februari 2024

Dada Nusaiba,

Shikamoo. Keti chini. Ndugu yako si msomaji tena. Ni mwandishi!

Barabara, kama ulivyotabiri, maji yameila. Wiki tatu hakuna basi kutoka Lindi, hakuna Fidelis, hakuna kipande cha nne. Na cha tatu kinaishia wapi? Bi Koku amesimama jikoni, amewapa watu mgongo, kikombe mkononi, na Zuhura anamtazama kupitia ufa wa mlango. Basi, uzi wa gunia! Dada, unawajua wanawake kumi na sita walioachwa kwenye ufa wa mlango wiki tatu? Siuzi korosho kwa amani. Napita na ungo wangu madirishani kwa abiria, mtu ananivuta shati: “We, Bi Koku kafanyaje?” Hata baba mdogo Hussen alikuja stendi makusudi, akajifanya anaulizia bei ya mchele.

Juzi nikaona watu watapata wazimu. Nikachukua kile kipande cha tatu, nikakifunika kwa gazeti, nikatangaza: cha nne kimefika! Nikakaa kwenye kigoda, nikasoma mwisho. Mwisho wangu, wa kichwani, moto moto, na macho nimeyaelekeza kwenye karatasi kama hakimu.

Ngoja nikupe uonje. Kwamba Bi Koku kila siku huchovya kijiko katika kikombe cha mwenzake, analamba, anapiga ulimi “tsa”. Nani atamshuku mtu anayeonja kwanza? Lakini akishaonja, ndipo anatia. Anaonja, kisha anatia. Kidogo tu, kama chumvi ya kwenye ncha ya kisu, miaka na miaka, mpaka mwenye nyumba akaondoka siku moja asubuhi, na watu wakasema ni umri. Halafu anasema, “Kunywa kabla hakijapoa.”

Nilipofika pale kwenye “tsa” ukumbi mzima ukamgeukia Bibi Sada, na kicheko kikapasuka. Yeye mwenyewe alicheka akafuta machozi kwa kanga: “Mume wangu, leo umenizika mzima!” Huo ndio utani wenyewe. Nani katika watunzi wa vitabu anaweza kumchekesha mtu aliyemweka kitabuni?

Bibi Mwanaima peke yake hakucheka. Aliniuliza, “Imeandikwa hivyo?”

Nikasema, “Imeandikwa, Bibi.”

“Haya.”

Na dada, chai yake ilikaa pale mpaka ikashika ngozi juu. Hakuigusa! Mtu akisahau chai yake kwa kusikiliza, sifa gani tena inabaki?

Hicho kipande chako cha nne unaweza kukikalia.

Tawakali, Mtunzi


Mingoyo, 9 Februari 2024

Tawakali,

Sina makosa ya kusahihisha leo.

Babu alikunywa chai asubuhi, akaegemea nguzo ya baraza, akaondoka. Ilikuwa zamu ya nani siku ile? Chai ilitiwa na nani? Kaa ujibu mwenyewe, mimi najua.

Mganga wa zahanati alisema presha, na sote tulikuwepo na tulisikia. Lakini mjane ana siku mia na zaidi za kukaa na kuwaza, na wewe umempa cha kuwazia. Hakusahau chai, mjinga wewe. Aliiogopa.

Usiniambie utani. Utani naujua. Mjukuu anamwita bibi yake mchawi wakiwa wameketi jamvi moja, anacheka naye, anakula naye, na kila mtu anaona kwamba ni mdomo. Ungesema “nimetunga”, ingekuwa utani. Ulisema “imeandikwa”. Kwa Bibi Mwanaima, asiyejua kusoma, iliyoandikwa ni iliyoandikwa.

Barabara imefunguka. Kipande cha nne nimempa Fidelis leo hii, sikusubiri barua. Kikifika, kisome alasiri ileile, mbele ya wote wawili, neno kwa neno. Mwanzoni sema: kile cha juzi nilitunga mimi.

Nusaiba


Nangurukuru, 26 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na sikubaliani nayo kuanzia salamu, ambayo hata hukuitia.

Mimi siombi radhi. Nikuulize, nani aliyewakalisha wazee wale miezi mitatu bila kulia kutwa? Wewe uko Mingoyo na chaki zako. Mimi ndiye niliyekuwa pale kila alasiri, koo limenikauka. Watu walikuja kutoka mitaa yote. Mtu akila pilau yako miezi mitatu, siku ya mwisho akapata jiwe moja, atasema umempa mawe?

Kuna mabadiliko kidogo nyumbani, nakwambia kabla wambea hawajakwambia. Wiki mbili zilizopita Bibi Mwanaima aliniita. “Kaniletee mawe matatu mazuri, yanayolingana.” Nikadhani figa moja limepasuka. Nikamletea, nimechagua kweli. Akanionyesha upande wa pili wa ua, chini ya dirisha lake. “Yapange hapo.” Akajiwashia jiko lake. Tangu siku ile uani kuna mafiga sita na mioshi miwili. Bibi Sada alisimama na birika lake mkononi, akatazama, akasema, “Mwanaima, kuni zitatosha?” Mwenzake akaendelea kupuliza moto. Hakuna ugomvi. Hawajatukanana. Wanakaa ukumbi mmoja, wamevaa nyeupe, na hakuna anayemwomba mwenzake hata kiberiti.

Sasa nyumba ngapi hapa zina majiko mawili? Nyingi. Wenye wake wenza karibu wote. Wao ndio walikuwa ajabu, siyo sasa. Na Bibi Mwanaima anajitegemea: anajipikia chai, anajitilia sukari mwenyewe vijiko vitatu vimejaa, hana wa kumwonjea. Tena anasema miaka mingi hajanywa chai tamu hivi.

Kuhusu kipande cha nne, unamtegemea Fidelis? Fidelis ambaye aliwahi kuacha abiria chooni akafika na mkoba wake tu? Mimi nisemeje.

Wanawake wa mtaa wameacha kuja. Wanasema wana kazi za mashamba.

Tawakali


Mingoyo, 4 Machi 2024

Tawakali,

Fidelis amekuja kunywa maji kwangu leo. Anasema alikupa kipande cha nne mkononi Jumapili ya tarehe 11 Februari, ukampa korosho za karatasi moja na ukamwambia, “Mwambie dada kazi imekwisha.”

Nakuuliza mara moja tu: ulikipata?

Zimebaki siku tano eda iishe. Wakiwa ndani, wanalazimika kukaa pamoja. Wakishatoka, kila mmoja ana miguu yake.

Nusaiba


Njinjo, 25 Machi 2024

Mume wangu Tawakali,

Asalaam aleikum. Anayeandika ni Imani, mjukuu wa kaka yangu, mimi nasema yeye anaandika, kwa hiyo ukiona neno limekaa vizuri ni lake.

Niko salama. Funga inakwenda vizuri, ya kumi na nne leo. Shamba la kaka lina mihogo, mvua ipo. Nilitoka asubuhi ileile tuliyooga kumaliza eda. Wewe ulikuwa stendi. Mwanaima alikuwa ndani amefunga mlango, nikasema “Mwenzangu, nakwenda,” nikangoja, kisha nikachukua kifurushi changu. Usidhani nimekasirika na wewe. Nimekubeba na degedege yako mpaka hospitali, utani wako nitashindwaje kuubeba.

Nataka ujue habari ya kijiko, maana ulikitia katika kitabu na hukuniuliza. Uliniuliza mbele za watu, na mbele za watu nilikujibu mzaha. Ukweli ni huu. Mwaka juzi walipompima mwenzangu kule hospitali ya Masoko walikuta ugonjwa wa sukari. Daktari akaniita kando: mama, huyu anaiba sukari, mwangalie. Na kweli anaiba, nikigeuka tu, kijiko kimeshaingia. Lakini hataki watu wajue kuwa ni mgonjwa, ananiambia, wakijua watanihurumia na mimi sihurumiwi. Nikamwahidi marehemu sitamwaibisha. Basi nilikuwa naonja. Nikikuta tamu mno, nampa kikombe changu, chake nanywa mimi. Miaka miwili hakupata kujua vikombe vimebadilishwa.

Sasa nani anamwonjea?

Nina swali moja, mume wangu. Kitabu kile kimeandikwa hivyo kweli? Kama mtu wa mbali asiyenijua ameketi akaandika mwanamke wa kijiko kama mimi, basi ni bahati yangu mbaya, nitaipokea. Nawaza tu nikiwa shambani. Imani atanisomea jibu lako. Akina mama wa huku wameniuliza mbona nimerudi, sijajua la kuwaambia.

Mkeo mdogo,
Sada binti Khamisi


Nangurukuru, 31 Machi 2024

Mke wangu, Bibi Sada,

Shikamoo. Imani, soma taratibu, na ukifika mahali ukaona vibaya kusoma, soma hivyohivyo.

Kwanza niseme: mimi bado ndiye msomaji bora wa njia hii yote, na anayebisha aje stendi. Na wasinitukanie kitabu. Baba mdogo Hussen siku hizi anasema alijua tangu mwanzo kuwa vitabu vile vinaleta fitina. Uongo! Alikuja kila siku, tena alikaa mbele. Kitabu hakikukosa. Kile kitabu, Bibi, kilikuwa kinatuchezea sote kwa makusudi. Kilitufanya tumtazame mwanamke mmoja kwa jicho baya kurasa mia mbili na arobaini, ili mwishoni kitugeuzie jicho lenyewe. Ukitaka kunikasirisha nipige, lakini usiseme kitabu kile ni kibaya.

Swali lako: haikuandikwa hivyo. Nilitunga mimi. Kijiko nilikichukua kwako, na ulimi wako, na maneno yako ya kabla hakijapoa. Mwandishi hakujui. Mimi ndiye ninayekujua. Akina mama wa Njinjo waambie umerudi kwa sababu mjukuu wako ni mwongo.

Kilichoandikwa ni hiki. Kikombe alikuwa anakifudikiza Zuhura mwenyewe. Alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, anakigeuza kama mama yake alivyomfundisha utotoni, halafu anasahau. Bi Koku alijua siku nyingi. Kila alipokikuta kabla ya mwenzake, alikirudisha kitazame juu, ili Zuhura asije akatambua kinachompata. Pale jikoni alipowapa watu mgongo alikuwa anafanya hivyo. Hakutia kitu. Hakuna mtu aliyetia kitu.

Jana alasiri nimemsomea Bibi Mwanaima. Nilikaa chini, si kwenye kigoda. Barua yako nayo nikamsomea, pamoja na ya sukari. Nisamehe, nimevunja ahadi yako kwa marehemu, lakini hapakuwa na mtu mwingine ukumbini. Bibi Mwanaima akanyoosha miguu jamvini. Mguu wake wa kushoto una kidonda tangu wiki iliyopita, hakiponi, na kesho nampeleka Masoko. Akaniuliza, “Sada alikuwa ananywa changu?” Nikasema ndiyo. Kwenye rafu kulikuwa na kikombe chake alichoandaa kwa ajili ya kufuturu, sukari imeshatiwa ndani, vijiko vitatu. Akakishika, akaimwaga sukari uani, akasuuza, akakifudikiza. Kisha akaniuliza, “Kipande hiki kilifika lini?”

Nilimjibu. Ndipo akageukia ukutani.

Nakuja Njinjo Jumamosi, na pikipiki ya Andrea, yule bodaboda wa stendi. Ukikataa kurudi nitarudi peke yangu, siwezi kukufunga kamba. Lakini kabla hujaniona nataka uwe umeshasikia nililomjibu, ili ukitaka kunifungia mlango uufunge mapema.

Watu wanasema kosa langu ni kutunga. Sikubali. Mtu akiwa na wanawake kumi na sita kwenye ufa wa mlango, atatunga. Dada Nusaiba anasema kosa ni kule kusema imeandikwa. Lile lilikuwa kosa, lakini lilikuwa la siku moja, na lingefutika kwa siku moja. Hata yale mafiga, niliyaleta sikujua ni ya nini.

Lililoharibika hasa ni moja. Fidelis alinipa kipande cha nne tarehe 11 Februari. Nilikisoma nyuma ya banda, kati ya basi na basi, mara mbili. Nilikielewa. Nikakiweka kwenye ungo, chini ya korosho, na kila siku nikatoka nacho na kurudi nacho. Siku ishirini na saba, Bibi, wote wawili mkiwa ndani ya nyumba moja. Siku ishirini na saba Bibi Mwanaima alikuwa ananiuliza, “Leo husomi?” nami namjibu kitabu kimekwisha, huku nakuona wewe unapuliza moto wako peke yako kule uani.

Sikukisahau, na Fidelis hakukipoteza. Nilikificha kwa sababu mwisho ule ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Mumeo,
Tawakali